Mashine Iandikapo Hesabu
Maneno machache kwa wazee na vijana wa Nachingwea na Ruangwa

Kila ukaribiapo mwezi wa Desemba, watu wa Nachingwea na Ruangwa hutazama mbingu. Mashamba yamekwisha kusafishwa, korosho zilizobaki zapelekwa ghalani zingoje mnada wa RUNALI, na mbegu ya mahindi na mtama imekwisha kuchaguliwa. Swali lililomo katika kila nyumba ni moja: tupande leo, au tungoje? Mwenye kupanda mapema huogopa mvua ya kwanza isimdanganye, ikanyesha siku mbili kisha ikakatika wiki tatu, mbegu ikaungua ardhini. Mwenye kuchelewa huogopa msimu usije ukamtupa, kwani huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, wala hakuna msimu wa pili wa kumrejeshea mtu alichokipoteza katika ule wa kwanza.

Katika hali hiyo, redio hufunguliwa na tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husikilizwa. Hapo ndipo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hawa wanadai kujua ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, basi tusiwasikilize. Kundi la pili, na wengi wao ni vijana, husema: mashine imekwisha kujua kila kitu, na sasa hata hesabu zake yajiandikia yenyewe, basi kuna haja gani ya kujisumbua na masomo ya hesabu?

Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni la namna moja: hawajui kilichomo ndani ya hiyo mashine. Kwa hiyo nimeona yafaa tueleze jambo hili kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ili mzee asikikatae kisichokuwa haramu, na kijana asikiabudu kisichokuwa na akili.

HESABU ISIYOFIKA MWISHO

Mwanafunzi wa chuo aliyesoma ilimu ya faraidhi ajua kwamba mirathi hugawanywa kwa sehemu kamili. Mke aliyeachiwa watoto ana thumuni, mama ana sudusi, na kilichobaki chaenda kwa wana. Hesabu hiyo huanza na huisha, na jibu lake halina shaka. Lakini zipo hesabu nyingine ambazo jibu lake halishikiki kamili kwa tarakimu, hata ukaandika mpaka wino ukwishe.

Chukua mfano wa shamba. Wakulima wetu hupima ekari moja kwa hatua 70 kwa 70, yaani hatua 4,900 za mraba. Sasa mtu ataka shamba la ekari mbili lililo sawa pande zote nne, apate kulizungushia ua. Upande mmoja uwe hatua ngapi? Atafuta namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake italeta 9,800. Namba hiyo haiandikiki ikaisha. Je, ashindwe kujenga ua? Hasha.

Na akisie kwanza: aseme hatua 100. Kisha agawe 9,800 kwa 100, apate 98. Aona kwamba 100 imezidi kidogo na 98 imepungua kidogo, basi kweli iko baina yake. Achukue namba ya katikati, 99. Arudie tena: 9,800 ugawe kwa 99, apata 98.9899. Namba ya katikati ya hizo mbili ni 98.99495. Kwa kurudia mara mbili tu amekwisha kulikaribia jibu kwa kiasi ambacho hakuna kamba ya kupimia shamba inayoweza kuonyesha tofauti yake.

Hiyo ndiyo elimu ya kutatua milinganyo kwa tarakimu. Ina mambo matatu: kukisia, kusahihisha, na kurudia. Lina na jambo la nne ambalo ndilo adabu yake, nalo ni kujua ni kiasi gani umekosea, na kusimama pale ambapo kosa limekuwa dogo kuliko haja yako. Mwenye kuijua adabu hiyo hasemi “nimepata kweli yote.” Husema “nimeikaribia kweli, na umbali uliobaki haupiti kiasi hiki.”

WALIOTUTANGULIA

Kijana wa Kiislamu asidhani kwamba elimu hii ni ya wageni, nasi ni wa kuazima tu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, aliandika kitabu cha al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu mirathi na wasia. Jina lake lilipopita katika ndimi za watu wa Ulaya likageuka kuwa neno ambalo leo dunia nzima hulitumia kwa maana ya utaratibu wa hesabu unaofuatwa hatua kwa hatua: algoriti. Kila mashine iliyomo ofisini na kila simu iliyomo mfukoni hufanya kazi yake kwa utaratibu wa aina hiyo.

Baada yake alikuja Omar Khayyam, aliyefariki mwaka 1131. Watu wengi wamjua kwa mashairi, lakini alikuwa bingwa wa hesabu, akaipanga milinganyo ya daraja la tatu na kuitatua kwa michoro. Kisha akaja Jamshid al-Kashi, aliyefanya kazi Samarqand na kufariki mwaka 1429. Huyu alikuwa na haja ya kujua kipimo kimoja cha pembe, kipimo cha digrii moja, ambacho wanajimu hukihitaji katika majedwali yao ya jua na nyota. Kipimo cha digrii tatu kilijulikana kwa njia ya uhakika, lakini kutoka tatu kwenda moja kulikuwa na mlinganyo wa daraja la tatu uliokuwa mgumu kutatuliwa. Al-Kashi akachukua theluthi ya kile kilichojulikana akaifanya kisio la kwanza, akaitia ndani ya mlinganyo, ikamtolea nyongeza ndogo, akaiongeza, akaitia tena. Kila alivyorudia, tarakimu zilizo sahihi zilizidi.

Basi al-Kashi naye alifanya kama yule mwenye ua wake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na subira kubwa zaidi na kalamu tu mkononi, wala hakuwa na mashine.

HEWA NAYO INA MILINGANYO

Upepo, joto, unyevu na uzito wa hewa haviendi ovyo. Mwenyezi Mungu ameviwekea kanuni, na kanuni hizo wataalamu wameziandika kwa milinganyo. Hewa iliyopata joto hupanda, ikipanda hupoa, ikipoa unyevu wake hugeuka mawingu, na hewa hutoka penye kani kubwa kwenda penye kani ndogo. Kila moja ya habari hizo ina mlinganyo wake. Lakini milinganyo hiyo imefungamana, huyu amemshika huyu, hata haiwezekani kuitatua kwa jibu moja kamili kama mirathi. Hapana budi kukisia, kusahihisha na kurudia.

Utaratibu wake ni huu. Ramani hugawanywa miraba, na anga iliyo juu yake hugawanywa matabaka, kama ghorofa za nyumba. Kila chumba huandikiwa joto lake, unyevu wake, upepo wake na kani yake kwa saa hii. Kisha hupigwa hesabu ya hali yake baada ya muda mfupi, kwa kutazama yeye mwenyewe na jirani zake. Hali hiyo mpya hufanywa mwanzo wa hesabu nyingine, na hivyo hivyo mpaka ifikie kesho na keshokutwa. Miraba ikiwa mikubwa, ya kilomita 100, huenda Nachingwea na Ruangwa zikaingia chumba kimoja, zikapewa mvua moja, ijapokuwa wenyeji wajua kwamba huweza kunyesha huku na kule kukawa jua kali. Miraba ikiwa midogo, ya kilomita chache, kila mji hupata hesabu yake. Lakini vyumba huwa vingi mno, na kazi huongezeka kupita kiasi.

Mtu wa kwanza kuijaribu kazi hii kwa ukamilifu alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson. Alipiga hesabu kwa mkono, katika zama za Vita vya Kwanza, alipokuwa dereva wa gari la wagonjwa huko Ufaransa, na mwaka 1922 akatoa kitabu. Alichukua siku moja iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, akapiga hesabu ya saa sita tu. Hesabu yake ikasema kani ya hewa ingebadilika kwa vipimo 145, jambo ambalo halitokei duniani. Na siku hiyo kwa kweli kani haikubadilika ila kidogo sana. Milinganyo haikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika vipimo vya mwanzo, ambavyo havikuwa vimesawazishwa. Richardson hakulificha kosa lile. Alilichapisha kitabuni, na kwa ajili hiyo waliomfuata wakajua pa kusahihisha. Alikisia pia kwamba wangehitajika watu 64,000 wapige hesabu kwa pamoja ili waende sawasawa na mwendo wa hali ya hewa.

Watu hao hawakukusanywa. Mwaka 1950, Jule Charney, John von Neumann na wenzao walitumia mashine iitwayo ENIAC huko Marekani, wakapata utabiri wa saa 24 kwa kazi iliyochukua kama saa 24. Mashine ilikuwa ikienda sambamba na jua lenyewe.

NANI AANDIKE MAAGIZO?

Hapa ndipo tunapoifikia habari yetu yenyewe. Mashine haijui kitu. Hufanya yale tu iliyoagizwa, na maagizo hayo lazima yaandikwe moja moja: chukua namba hii, izidishe kwa ile, weka jibu pale, nenda chumba cha pili. Mlinganyo ambao mwalimu auandika ubaoni kwa mstari mmoja waweza kuhitaji maelfu ya mistari ya maagizo. Na aandikaye maelfu ya mistari kwa mkono hakosi kukosea, kama vile mwandishi anayenakili kitabu kirefu anavyoruka neno usiku taa inapofifia.

Basi watu wakajiuliza: kwa nini tusiiache mashine iyaandike maagizo yake? Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa FORTRAN, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufasiri kanuni. Mtu aliandika kanuni kwa namna inayokaribia maandishi ya hesabu, na mashine ikaifasiri kuwa maagizo. Wako walioshuku kwamba mashine ingeweza kuandika vizuri kama mtu bingwa, lakini kazi ilipoonekana shaka ile ikapungua.

Tangu hapo watu wamepanda ngazi nyingine. Mradi uitwao FEniCS, ulioanza mwaka 2003 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Chicago na Chalmers, humwezesha mtaalamu kuandika mlinganyo wenyewe, karibu kama ulivyo kitabuni, na programu huandika maagizo yote ya kuutatua. Iko programu nyingine iitwayo KPP: hupewa orodha ya namna vitu vya kikemia vinavyochanganyika hewani, nayo hutoa maagizo ya kuhesabu mchanganyiko huo. Huko Uingereza, idara ya hali ya hewa imejenga mfumo mpya ulioitwa LFRic, kwa kumkumbuka huyo Lewis Fry Richardson. Ndani yake mtaalamu wa hewa huandika elimu yake, na programu iitwayo PSyclone huandika namna ya kuigawa kazi baina ya maelfu ya vichwa vya mashine.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa hutumia, miongoni mwa vyombo vyake, mfumo uitwao WRF, uliotengenezwa Marekani na unaotumika nchi nyingi. Ndani ya WRF mna daftari moja ambalo kila kipimo kimeandikwa jina lake na sifa zake. Mfumo unapoandaliwa, programu husoma daftari hilo na kuandika yenyewe makumi ya maelfu ya mistari ya maagizo. Kwa hiyo mkulima wa Nachingwea au Ruangwa asikiapo tangazo la mvua, huenda sehemu ya hesabu iliyomfikia iliandikwa na mashine, wala haikupita katika mkono wa mtu.

Je, mashine huandikaje? Husoma mlinganyo. Kila palipo na mabadiliko ya kuendelea, hutia badala yake tofauti baina ya chumba na jirani yake. Kisha huandika maagizo ya kupita chumba kwa chumba, hatua kwa hatua. Mwisho huyapanga yalingane na mashine itakayoyafanya. Yote hayo hufanywa kwa kanuni zilizowekwa na watu, na mtu aweza kuzifuata nyuma mpaka kwenye mlinganyo wa kwanza.

KIMBUNGA CHA ZAMANI NA KIMBUNGA CHA JUZI

Faida yake ni nini? Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kilipiga pwani ya Lindi, kikaua watu. Wakati huo hesabu ya hewa kwa mashine ilikuwa na umri wa miaka miwili tu duniani, na haikuwa imefika kwetu.

Mwezi wa Mei 2024 kikaja kimbunga kingine, kikaitwa Hidaya. Safari hii habari zilitangulia upepo. Siku chache kabla, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mgandamizo uliokuwa baharini mashariki ya pwani yetu, ikaeleza unakoelekea, na wavuvi na wasafiri wa baharini wakaambiwa watahadhari. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia, kikapungua nguvu. Mvua zake ziliharibu barabara na madaraja ya Kilwa, na njia ya kutoka kusini kwenda Dar es Salaam ikakatika kwa siku kadhaa. Madhara hayakuzuilika yote; lakini aliyesikia na kutii alikuwa na nafasi ya kukivuta chombo chake nchi kavu na kuihamisha familia yake bondeni. Nafasi hiyo watu wa 1952 hawakuipata.

HESABU INAPOPOTOKA

Lakini nisije nikaisifu mashine kupita kiasi. Maagizo yaliyo sahihi huweza kuleta jibu la upuuzi, na mfano wake ni mwepesi. Fikiria pande tatu za chuma zilizounganishwa. La kwanza limo motoni, joto lake 100. La pili na la tatu ni baridi, joto lao 20. Kanuni yasema: joto jipya la pande la kati ni joto lake la zamani, uongeze kiasi fulani cha tofauti zake na jirani zake. Jirani wa kwanza amzidi kwa 80, jirani wa pili hamzidi kitu. Jumla ya tofauti ni 80. Tukichukua hatua fupi, tuseme robo ya tofauti, tutaongeza 20, na pande la kati litakuwa 40. Hilo laingia akilini. Tukifanya haraka, tukachukua hatua ndefu ya mara mbili ya tofauti, tutaongeza 160, na pande la kati litakuwa 180. Limekuwa na joto kuliko lile lililomo motoni! Maagizo ni yale yale, mashine haikukosea hata tarakimu moja, lakini hatua ilikuwa ndefu mno. Wataalamu watatu wa hesabu, Courant, Friedrichs na Lewy, waliueleza mpaka wa hatua hizo mwaka 1928, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Huko Norway, mwezi wa Agosti 1991, jukwaa kubwa la mafuta liitwalo Sleipner A lilizama lilipokuwa likijaribiwa. Hesabu ya kompyuta ilikuwa imegawa sehemu muhimu za kuta zake kwa namna isiyofaa, na nguvu za kukata ukuta zikakadiriwa pungufu kwa karibu 47%. Ukuta ukapasuka, na jukwaa likaenda chini. Mashine ilitoa jibu bila kusita. Waliolipokea ndio hawakulijaribu inavyostahili.

Na sisi wa Nachingwea tuna mfano wetu, ambao wazee wetu waliuona kwa macho. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ekari zaidi ya milioni 3 zilikusudiwa kulimwa. Bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikatandikwa hadi Nachingwea, na hesabu za karatasini zikaonyesha mafuta ya kutosha kuilisha Uingereza. Lakini mvua hazikuwa zimepimwa ya kutosha, wala udongo haukujulikana tabia zake. Huko Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama tofali, na karanga hazikuchimbika. Januari 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zikapotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Hapana mlinganyo ulioweza kuuokoa mpango ule. Wakulima wenyeji waliokuwa wakiijua mvua na udongo wa kwao hawakuulizwa inavyopasa, na kisichoingia katika hesabu hakiwezi kutoka katika jibu.

MASHINE ZA KUNENA

Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea mashine za namna nyingine, zinazonena na mtu kwa lugha yake. Mwambie “niandikie maagizo ya kuutatua mlinganyo huu,” nayo huyaandika papo hapo. Vijana wamezipenda sana, na wana haki kuzipenda. Lakini ni lazima wafahamu tofauti yake na zile nilizozitaja kwanza. Zile za kwanza hufasiri kwa kanuni thabiti: mlinganyo mmoja hutoa maagizo yale yale leo na kesho, na njia yake yafuatika. Hizi za pili huandika kwa kufuata mifano ya maandiko mengi yaliyotangulia. Mara nyingi hupatia, na mara nyingine hukosea kwa lugha tamu na kifua mbele.

Sisi tuliosoma chuoni tumefundishwa kwamba habari haipokewi kwa uzuri wa matamshi ya msimulizi. Huulizwa: imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na je, kila mmoja katika mnyororo huo ni mwaminifu? Basi kijana akiletewa maagizo na mashine, ayafanyie mitihani mitatu. Kwanza, alirudishe jibu ndani ya mlinganyo aone kama pande mbili zalingana, kama yule mwenye ua anavyozidisha 98.99495 kwa nafsi yake aone kama yaleta 9,800. Pili, apunguze hatua kwa nusu aone kama jibu litabaki mahali pake. Likiyumba sana, aliweke kando. Tatu, aijaribu programu hiyo katika swali jepesi ambalo jibu lake alijua tangu zamani. Mashine ikifeli katika swali jepesi, ataiaminije katika zito?

Lakini tazama, ewe kijana: mitihani hiyo mitatu haiwezi kufanywa na mtu asiyejua hesabu. Mashine imekuondolea taabu ya kuandika; haikukuondolea wajibu wa kufahamu. Na kwa hakika wajibu huo umezidi, kwa kuwa zamani aliyekosea alikosea taratibu kwa mkono wake, na leo kosa moja huandikwa mara elfu kwa dakika.

JE, HUKU NI KUDAI GHAIBU?

Narudi kwa wazee wangu wa kundi la kwanza. Kupiga ramli ni kusema kesho itakuwa hivi bila ya sababu inayojulikana, na kumtaka msikilizaji aamini bila ya kuuliza. Mtu wa hali ya hewa hasemi hivyo. Hupima joto na upepo wa leo, hupiga hesabu kwa kanuni ambazo Mola ameziweka katika viumbe vyake, kisha husema mvua yatarajiwa, ama kwa wingi ama kwa uchache. Hutaja matarajio, wala hatoi ahadi. Mvuvi wa Kilwa atazamapo mawingu akavuta mtumbwi wake hakudai ghaibu, na tabibu asemapo homa hii itapungua kesho hakudai ghaibu. Wote wametazama dalili, na jambo lenyewe wamemwachia Mwenyewe.

Kinachokatazwa ni kuifanya dhana kuwa yakini. Na katika hilo wataalamu wenyewe ndio wa kwanza kukubali, kwa kuwa kosa dogo katika vipimo vya leo hukua siku hadi siku, na utabiri wa siku ya kumi hauna nguvu ya utabiri wa kesho. Basi mkulima ausikilize utabiri kama amsikilizavyo mshauri mwaminifu: aupime na dalili azijuazo, asiuze mbegu zake zote kwa neno moja la redio, wala asilitupe neno hilo.

Na kwenu wazazi wa Nachingwea na Ruangwa nina ombi moja. Vituo vya kupima mvua katika wilaya zetu ni vichache, na mashine haiwezi kujua mvua iliyonyesha mahali ambapo hakuna aliyeipima. Mtoto aliye shuleni aweza kuweka chombo chenye pande zilizonyooka uani, penye uwazi, mbali na mti na paa, akapima kila asubuhi kwa rula ni milimita ngapi zimeingia, na kuandika katika daftari pamoja na tarehe. Daftari la miaka mitano la kijiji kimoja ni mali. Litamsaidia baba kujua mvua yake ya kupandia huanza lini kweli, litamfundisha mtoto kwamba hesabu hutoka ardhini na hurejea ardhini, na siku atakapokaa mbele ya kompyuta akaletewa jibu, atakuwa na kitu mkononi cha kulipimia.

Mtoto huyo ndiye tunayemhitaji. Mashine za kuandika hesabu zitazidi kuwa nyingi na nafuu. Wenye kujua kuzihoji ndio watakaokuwa adimu. Tuwape watoto wetu wa kike na wa kiume hesabu kama tunavyowapa herufi za alifu na bee, mapema na kwa subira, wala tusingoje mpaka wageni waje tena watupigie hesabu ya ardhi yetu wasiyoijua.